Kibali cha ujenzi Arusha na Moshi: anza na kiwanja, nyumba ije baadaye

Kazi yangu ni kuchora nyumba na kufuatilia vibali, zaidi Arusha, mara mojamoja nashuka Moshi. Juzi nimemalizana na mama mmoja mstaafu anayejenga Moshono, nyumba ya chini ya vyumba vitatu, na maswali yake yalikuwa yaleyale ninayoulizwa na kila mtu. Nayajibu hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Nitakaa sana kwenye kiwanja kuliko kwenye nyumba, kwa sababu maombi mengi ninayoona yakirudishwa hayarudi kwa kosa la chumba au choo. Yanarudi kwa sababu ya ardhi.

Hatua ya 1: Jua uko chini ya halmashauri ipi

Watu husema "niko Arusha" wakati kiwanja kiko Ngaramtoni au Kisongo, ambako ni Halmashauri ya Arusha, siyo Jiji. Tengeru na Usa River ni Meru. Kwa Moshi, ukiwa Soweto au Pasua uko Manispaa. Kibosho na Uru ni Halmashauri ya Wilaya ya Moshi. Ombi likipelekwa kwa halmashauri isiyo yako, hakuna atakayekuhamishia. Unaanza upya.

Wenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo yenye migomba na nyumba ndani yake, mna njia yenu. Kihamba kilichoko kijijini kiko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na mlango wako wa kwanza ni ofisi ya kijiji, kwa ajili ya hati ya hakimiliki ya kimila. Usiseme "mzee alijenga bila karatasi, na mimi najenga". Kijiji kinachopakana na mji kinaweza kuwa kimeshatangazwa eneo la mipango miji, na hapo masharti ya mjini yanakufuata mpaka migombani. Muulize mtendaji wa kijiji, kisha kathibitishe halmashauri. Na kabla ya yote hayo, kaeni kikao cha familia, muhtasari uandikwe na usainiwe. Kaka aliyeko Dar es Salaam ambaye hakushirikishwa ndiye atakayepiga simu siku mnamwaga msingi.

Hatua ya 2: Jina

Hati, kodi ya pango la ardhi na ombi la kibali viwe na jina moja. Mkataba wa mauziano uliosainiwa kwa wakili ni ushahidi kwamba ulinunua, lakini kwenye daftari la msajili mwenye kiwanja bado ni aliyekuuzia mpaka uhamisho ukamilike. Fanya utafutaji rasmi ofisi ya ardhi ya mkoa, ujue kama kuna rehani au zuio. Lipa deni la pango lote. Kama muuzaji amefariki, simama hapo kwanza, tafuta msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mjane au mtoto mkubwa peke yake, hata akiwa mtu mwema kiasi gani, hawezi kukuhamishia.

Hatua ya 3: Kiwanja kwenye karatasi na kiwanja kwenye ardhi

Hapa ndipo siku nzima huliwa, kwa hiyo jaza kikombe chako cha chai.

Ombi la kibali linahitaji ramani inayoonyesha kiwanja kiko wapi. Wachoraji wengi wanachukua namba za mahali (koordineti) za bikoni, yaani alama za kona za kiwanja, kutoka kwenye ramani ya upimaji, wanazimwaga kwenye picha ya setilaiti, wanaikata na kuibandika. Kwa yule mama wa Moshono, kazi hiyo ilishafanywa na kijana mwingine kabla hajaniita. Tulipofika mezani, afisa aliangalia skrini, akaangalia karatasi, akamgeuzia mama kompyuta.

"Mama yangu, hapa ni shule."

"Shule? Baba, mimi kwangu kuna mti wa mwarobaini na jirani ana ng'ombe."

Kila mtu pale alianza kumshuku aliyemuuzia. Kumbe kiwanja kilikuwa halali kabisa, na namba zote zilikuwa sahihi. Tatizo ni mfumo wa vipimo.

Ramani nyingi za upimaji za kwetu zilitengenezwa kwa mfumo unaoitwa Arc 1960. Simu yako, Google Earth na karibu kila kitu cha mtandaoni kinatumia WGS 84. Namba zinafanana sura, zote ni mita za mashariki na mita za kaskazini, zote kanda ya 37 Kusini (kipande cha ramani ya dunia tulichomo), kwa Arusha na kwa Moshi. Lakini ukichukua namba za Arc 1960 ukaziingiza kana kwamba ni za WGS 84, kiwanja kinaruka karibu mita 300, kwa kawaida kuelekea kaskazini. Mita 300 mjini ni mitaa mitatu. Unaangukia shuleni, mtoni, au kwenye nyumba ya mtu ambaye hana habari na wewe.

Dawa yake ni programu ya QGIS, ya bure, inayofanya kazi hata kwenye kompyuta ya kizamani. Siwashauri hizi programu za simu zinazodai kubadilisha namba, nyingi hazikuambii zinabadilisha kutoka wapi kwenda wapi. Kwenye QGIS ingiza bikoni zako, uambie mfumo ni msimbo 21037 (ndiyo Arc 1960, kanda ya 37 Kusini), kisha uzihamishie msimbo 32737 (WGS 84, kanda hiyohiyo). Hapo ndipo uweke picha ya setilaiti chini yake.

Ila kuna mambo ya kuangalia, na usiyaruke.

Siyo kila ramani ni Arc 1960. Upimaji wa miaka ya karibuni unaweza kuwa umefanywa kwa mfumo mpya wa taifa, TAREF11, ambao kwa kazi yetu hii unakaa karibu kabisa na WGS 84. Ukihamisha namba ambazo hazikuhitaji kuhamishwa unazalisha kosa lilelile upande wa pili. Soma maandishi madogo pembeni mwa ramani. Yasipoeleweka, muulize mpima aliyeisaini au ofisi ya upimaji.

Kabla ya kulaumu mfumo, acha programu ikokotoe eneo la kiwanja na ulilinganishe na lililoandikwa kwenye hati. Eneo likilingana lakini mahali si penyewe, ni mfumo. Eneo lisipolingana, kuna tarakimu imeandikwa vibaya, mara nyingi 3 imesomwa 8 kwenye nakala iliyofifia. Kiwanja kikienda kudondokea mbali kabisa nje ya nchi, au kisionekane popote, huenda umebadilishana mashariki na kaskazini.

Na hata ukishapata mahali sahihi, usitumie simu kutafuta mpaka. Simu hukosea kwa mita kadhaa, na picha ya setilaiti nayo ina msogeo wake. Mpaka unasemwa na bikoni. Nenda na jembe, fukua: unatafuta chuma kilichosimikwa kwenye zege, chenye namba inayofanana na ya kwenye ramani. Jiwe lililopakwa chokaa na jirani si bikoni. Ukizikuta zote, nyosha futi ya chuma (ya kitambaa inavutika, achana nayo) upime kila upande na kona kwa kona. Kona kwa kona ndiyo inayoumbua. Pande nne zinaweza kulingana na karatasi huku kiwanja kimepinda. Bikoni ikikosekana, mlipe mpima aliyesajiliwa airudishe. Usiisimike wewe na fundi wako, hilo ni kosa kisheria, na jirani akijua atakupeleka mbali.

Ukiwa palepale uwanjani, geuza kichwa uangalie vitu vitatu.

Maji kwanza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Arusha ina Themi, Naura, Kijenge. Moshi ina Karanga na Rau. Na kote kuna makorongo yanayokauka Januari, Aprili yanabeba mawe. Kuhusu korongo utasikia ubishi kwamba "huo siyo mto". Usibishane na fundi wala dalali, andika barua Bodi ya Maji Bonde la Pangani, makao makuu yao yako Moshi, wakupe jibu la maandishi. Kiwanja kuwa na hati hakukuondolei mita 60.

Kisha barabara. Kwa barabara kuu na za mkoa, hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Ukiona X kwenye ukuta wa jirani, angalia rangi: nyekundu ni mtu aliyeingia hifadhini na hana fidia, kijani ni yule ambaye hifadhi ilipanuliwa ikamkuta. Tatu, nyaya za umeme mkubwa. Nenda ofisi ya TANESCO uulize upana wa njia ya laini hiyo hasa, kwa sababu unatofautiana kulingana na ukubwa wa umeme.

Hatua ya 4: Ramani ya nyumba

Sasa ndiyo uchore. Uliza ofisi ya mipango miji sharti la kiwanja chako: matumizi yaliyoandikwa kwenye hati, sehemu gani ya kiwanja inaruhusiwa kufunikwa na jengo, na uache nafasi kiasi gani mbele, pembeni na nyuma. Yanategemea msongamano wa eneo, kwa hiyo namba za rafiki yako wa Njiro si zako.

Sipendi ramani za kununua WhatsApp. Zimechorwa kwa kiwanja tambarare kisicho mahali popote, na sisi tunaishi kwenye miteremko ya milima miwili. Nyumba iliyochorwa kwenye bapa ukiipeleka Kibosho, msingi wa upande wa chini unakuwa mrefu kuliko ukuta, na pesa ya kupaua inaishia ardhini.

Kwenye mpango wa kiwanja onyesha barabara, majirani, geti, na shimo la maji taka pamoja na lile la kunyonya. Afisa afya huanza na hayo mashimo kabla ya kitu kingine. Nyumba ikiwa ghorofa, michoro ya miundo isainiwe na mhandisi aliyesajiliwa na ERB (bodi ya usajili wa wahandisi), na ile ya usanifu na msanifu wa AQRB (bodi ya wasanifu na wakadiriaji majenzi). Hapo hapana mjadala. Hata ya chini, mimi sichori bila mkanda wa zege juu ya madirisha kuzunguka nyumba nzima. Tetemeko la Julai 2007, lile la upande wa Gelai karibu na Oldoinyo Lengai, lilisikika vizuri hapa Arusha. Mafundi watakuambia mkanda ni nondo za bure. Waache waseme.

Hatua ya 5: Kuomba

Maombi yanaingia kwenye mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI. Kujisajili ni rahisi, namba ya NIDA inatosha kuanza. Pakia michoro kama PDF iliyotoka kwenye programu ya kuchorea, siyo picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu juu ya kitanda. Baada ya kutuma, nenda ofisini asubuhi ukajulikane. Najua mfumo uliletwa ili tusiende, lakini atakayekuja kukagua kiwanja anahitaji mtu wa kumwonyesha bikoni, na ni vizuri akawa na namba yako ya simu.

Kuna ofisi moja ambako ombi la mteja wangu lilikaa kimya mpaka tulipogundua kwamba lilirudishwa siku ileile kwa maelezo ya mstari mmoja, na hakuna aliyetupigia. Fungua akaunti yako mara kwa mara, usingoje ujumbe.

Hatua ya 6: Kulipa

Control namba tu, ile yenye tarakimu 12 inayoanza na 99. Hakuna "nitumie kwenye namba yangu nikusaidie".

Hatua ya 7: Wakati wa kujenga

Kibali kikitoka, piga nakala, moja ikae kwa fundi eneo la kazi. Weka kibao. Mhandisi wa halmashauri anatakiwa aone msingi ukiwa wazi, kabla ya zege, na hatua nyingine zinazotajwa kwenye masharti ya kibali. Mjulishe mapema, kwa maandishi. Asipofika siku hiyo, mbembeleze fundi asubiri. Zege likishamwagwa hakuna wa kuthibitisha nondo zilikuwa ngapi. Baada ya ghorofa la Kariakoo kuporomoka tarehe 16 Novemba 2024, hili sijadiliani na mteja yeyote.

Siku hizo piga picha za mitaro ikiwa na futi ndani yake, tarehe ionekane. Ukikuta neno la kusimamisha ujenzi limeandikwa ukutani, simamisha kweli, nenda ofisini na kibali chako mkononi siku hiyohiyo.

Hatua ya 8: Kuhamia

Ukimaliza, omba ukaguzi wa mwisho na hati ya kuruhusu jengo litumike. Wengi hawaombi kwa sababu wameshahamia na mapazia yapo. Benki itakuuliza siku unataka mkopo. Na ukiamua mwakani kuongeza vyumba vya kupangisha uani, hilo ni ombi jipya; kibali cha nyumba kubwa hakivifuniki.