Namna ya Kuliandaa Gari la Dizeli kwa Kipimo cha Moshi Barabarani

Dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam kwenda Kigali kwa njia ya Singida na mpaka wa Rusumo amezoea kukaguliwa tairi, breki, taa na uzito, na kwa miaka mingi moshi ulikuwa jambo ambalo askari alilitaja mwishoni, kama alilitaja kabisa. Hali hiyo inabadilika. Tanzania ina kanuni za viwango vya ubora wa hewa tangu mwaka 2007, Kenya ilitoa zake mwaka 2014, na Rwanda ilianza Agosti 2025 kutekeleza upimaji wa lazima wa moshi wa magari chini ya mamlaka yake ya mazingira, REMA. Mwongozo huu ni wa dereva na mwenye gari anayetaka kipimo kimkute akiwa tayari. Nimelenga hasa injini za dizeli, kwa kuwa ndizo zinazobeba mizigo na abiria wetu, na magari ya petroli nitayagusa kwa ufupi tu.

Faini si sababu pekee ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, kundi lile lile ulimo moshi wa sigara. Wanaouvuta moshi huo kila siku ni utingo anayefungua bodi nyuma ya gari linalounguruma, mama anayekaanga mihogo kituoni, na dereva mwenyewe anayelala ndani ya kichwa cha lori huku injini ya jirani yake ikiwaka usiku kucha.

Wanayofanya madereva wengi

Habari kwamba wapimaji wako mbele husafiri haraka kuliko gari. Taa humulikwa mara mbili, simu hupigwa, na baada ya muda mfupi malori huonekana yamejipanga kwenye kituo cha mafuta, madereva wakinywa chai hadi wapimaji waondoke. Wengine hukata kona wakapita njia ya vumbi, wakaharibu springi kwa kukwepa kipimo cha dakika chache. Wapo wanaomimina mafuta ya taa kwenye tangi la dizeli, wapo wanaotafuta namna ya kumalizana na mkaguzi, na wapo wanaopita mbele ya wapimaji polepole, mguu ukiwa mwepesi, ili ekzosi isitoe kitu.

Kuhusu mafuta ya taa niseme ukweli wote: moshi huweza kupungua siku hiyo, kwa sababu ni mafuta mepesi. Lakini pampu na nozeli za dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa hayana ulainishi wa kutosha. Unaokoa faini ya leo na kununua pampu kesho kutwa. Uchakachuaji wa namna hii ndio uliofanya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji ya Tanzania, ianze mwaka 2010 kuweka vinasaba kwenye mafuta, yaani alama za kemikali za kuyatambua yaliyochanganywa, na serikali ya Tanzania ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011, kwa hiyo hata faida ya bei iliyokuwa ikiwavutia watu haipo tena kama zamani. Kumalizana na mkaguzi ni rushwa, nayo ina hasara nyingine ambayo wenye magari huisahau: gari lililopita kwa fedha linarudi barabarani na ugonjwa wake, na safari ijayo utalipa tena.

Kati ya haya yote, la kupita kwa mguu mwepesi ndilo linalonisikitisha zaidi, kwa sababu linatokana na kutojua kipimo hufanywaje.

Chombo kinasoma nini

Askari anaweza kuanza kwa macho, akasimamisha gari kwa kuona wingu jeusi. Kipimo chenyewe hufanywa gari likiwa limesimama, gia ikiwa huru na breki ya mkono ikiwa imekazwa. Mpimaji huingiza mrija wa chombo kwenye ekzosi, kisha dereva huambiwa akanyage resi hadi mwisho, kwa haraka lakini bila kuibamiza, aishikilie mpaka injini ifikie mzunguko wake wa juu ambapo pampu yenyewe huzuia mafuta, halafu aachie. Zoezi hurudiwa, na kwa kawaida huchukuliwa wastani wa mara tatu. Ndani ya chombo mwanga hupitishwa katikati ya moshi na kupokelewa upande wa pili. Kadiri moshi ulivyo mzito ndivyo mwanga unaofika unavyopungua, na upungufu huo ndio unaotolewa kama namba. Katika viwango vya Ulaya, injini za zamani zisizo na turbo, yaani feni inayoisukumia injini hewa zaidi, huruhusiwa kufika 2.5, zenye turbo 3.0, na za kizazi kipya zaidi 1.5 au chini ya hapo. Kiwango kinachotumika kwa gari lako muulize mkaguzi kabla ya kipimo, kwani hutegemea nchi na umri wa injini.

Sasa tazama kwa nini mguu mwepesi hausaidii. Resi inapokanyagwa ghafla, pampu humwaga mafuta yote papo hapo, lakini hewa na turbo huchelewa kidogo kuyafikia. Katika sekunde hiyo moja mafuta huwa mengi kuliko hewa, na kila udhaifu wa injini hujitokeza. Kipimo kimebuniwa kuikamata sekunde hiyo. Ni sekunde ile ile unayoiona kwenye kioo cha pembeni unapobadilisha gia ukipanda mlima wa Sekenke na mzigo.

Anza na hewa

Moshi mweusi maana yake ni mafuta ambayo hayakupata hewa ya kuungulia. Kwa hiyo, kabla hujamlipa fundi yeyote afungue pampu, toa chujio la hewa, ambalo sote tunaliita ea klina, ulishike kuelekea jua au uweke tochi katikati yake. Mwanga ukionekana sawasawa pande zote, lirudishe. Ukiona giza upande mmoja au pande zote, hilo ndilo la kushughulikia kwanza. Kulipuliza kwa upepo kunaruhusiwa, mradi upulize kutoka ndani kwenda nje na usiusogeze mdomo wa mpira karibu mno, maana karatasi ikitoboka vumbi litaingia moja kwa moja kwenye silinda. Chujio lililokwisha kupulizwa mara tatu nne lafaa kutupwa.

Niliwahi kuletewa Fuso iliyokuwa ikitoa moshi mzito kiasi kwamba mwenyewe alikuwa ameanza kutafuta fedha za kufungua injini nzima. Chujio lilikuwa jipya. Tulipofuata mpira wa hewa hadi kwenye mdomo wake wa juu, nyuma ya kichwa cha gari, tukakuta kipande cha shuka kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Dereva alikuwa amekifunga wakati wa kiangazi ili kuzuia vumbi, mvua zikanyesha, kitambaa kikashika tope na kukauka kama kigae. Tulikikata kwa wembe, injini ikakohoa masizi mara mbili, na moshi ukakoma. Tangu siku hiyo huanzia mdomoni mwa hewa kabla ya kugusa kitu kingine.

Ukitoka kwenye chujio, kagua mpira unaopeleka hewa kutoka turbo hadi kwenye injini. Ufa mdogo au klipu iliyolegea hupunguza hewa, na mara nyingi utausikia ukivuma gari likiwa na mzigo, au utaona alama ya oili iliyoshika vumbi mahali panapovuja.

Kisha mafuta

Nozeli inayofanya kazi vizuri hutoa dizeli kama ukungu. Inayochoka hutoa matone, na tone haliungui likaisha, hubaki masizi. Mpelekee fundi wa nozeli aziweke kwenye mashine ya kupimia, nawe usimame hapo hapo utazame. Anapobonyeza mkono wa mashine, nozeli nzima hulia kwa mtetemo na kutoa ukungu wa umbo la koni, kisha hukata kwa mara moja na ncha hubaki kavu. Mbovu hutoa mstari mmoja kama wa bomba la maji, au hudondosha tone baada ya kukata. Usiweke kidole wala kiganja mbele ya ukungu huo hata kwa mzaha, kwa kuwa msukumo wake hupenya ngozi na kuingiza dizeli mwilini, na jeraha hilo huonekana dogo huku ndani likiharibu mkono.

Jambo la pili ni pampu iliyoongezwa mafuta kwa makusudi. Katika matipa ya mchanga na mabasi madogo hili ni la kawaida: dereva hulalamika kwamba gari halina nguvu, fundi hugeuza skrubu ya pampu, gari hupata nguvu kidogo na moshi mwingi. Injini ya namna hii haiwezi kupita kipimo mpaka pampu irudishwe kwenye vipimo vya kiwanda, na mara nyingi nguvu iliyokuwa ikitafutwa ilipotea kwenye nozeli au chujio lililoziba.

La tatu ni thamostati, valvu inayozuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate moto. Mafundi wetu wengi huitoa na kuitupa gari linapochemsha mara ya kwanza. Injini isiyo na thamostati hukaa baridi muda wote, na injini baridi haiunguzi mafuta vizuri. Irudishe, na ugonjwa wa kuchemsha utafutie chanzo chake kwenye rejeta, feni au pampu ya maji.

Moshi wa buluu na mweupe ni habari nyingine. Wa buluu ni oili inayoungua, ikipitia ringi za pistoni, sili za valvu au turbo iliyokwisha. Mweupe unaodumu hata injini ikipata moto huashiria maji yanayoingia kwenye silinda, aghalabu kupitia gasketi ya silinda hedi, au dizeli isiyowaka kabisa. Mvuke mweupe wa asubuhi ya baridi huko Njombe au Mbeya, unaoisha baada ya dakika chache, usikutie hofu.

Siku yenyewe

Fika kwenye kipimo injini ikiwa na moto. Viwango vya Ulaya hutaka oili iwe na nyuzi 80 za Selsiasi au zaidi, na hata pale ambapo hakuna anayeipima, injini iliyotoka safarini hufanya vizuri kuliko iliyokuwa imezimwa kwa saa nzima. Hii ndiyo hasara ya wale wanaosubiri kwenye kituo cha mafuta: injini hupoa, masizi hukaa ndani ya ekzosi, na wakisimamishwa hatimaye husoma vibaya kuliko ambavyo wangesoma kama wangepita moja kwa moja.

Afande au mkaguzi akikusimamisha, msalimie, zima kiyoyozi na hakikisha breki ya ekzosi haijawashwa, kwani ikiwa imewashwa hufunga njia ya moshi. Omba kwa heshima uruhusiwe kukanyaga resi mara mbili tatu kabla ya mrija kuingizwa, ili masizi ya zamani yatoke. Ni sehemu ya utaratibu wa kipimo, wala si upendeleo. Ikiwa mkanda wa taimingi umepitisha muda wake au oili iko chini, sema kabla ya kukanyaga, maana injini itapelekwa hadi mwisho wa mzunguko wake na mkanda uliochoka unaweza kukatika hapo hapo. Ukimaliza, omba karatasi yenye namba. Ukiambiwa ulipe, lipa kwa utaratibu unaotoa risiti ya serikali.

Kwa gari la petroli, mtego mkubwa ni masega, kile kifaa cha ndani ya ekzosi kinachosafisha moshi. Watu huyatoa kwa kuambiwa kwamba gari litakuwa jepesi, na wengine huyauza, na gari lisilo na masega haliwezi kutimiza viwango vilivyowekwa kwa magari yenye masega. Mengine ya kukagua ni plagi zilizochoka, kihisio cha oksijeni, na ekzosi iliyotoboka, ambayo huvuta hewa ya nje na kupotosha usomaji. Masega nayo hufanya kazi yakiwa na moto, kwa hiyo usipime gari la petroli lililotoka kuwashwa.

Gari likishindwa, mwulize mkaguzi unapewa muda gani wa kutengeneza, kisha mpelekee fundi karatasi yenyewe, usimpelekee maneno matupu kwamba "gari linatoa moshi". Namba iliyozidi kidogo kwa kawaida hutibiwa kwa chujio na nozeli; iliyozidi mara mbili hudai pampu na turbo zitazamwe. Baada ya matengenezo endesha gari walau safari moja ndefu kabla ya kurudi, ili masizi yaliyoganda ndani ya ekzosi yaungue na kutoka.

Karatasi zote, za kushinda na za kushindwa, zihifadhi ndani ya gari pamoja na daftari la sevisi, na andika pembeni kilomita zilizosomwa siku hiyo. Namba ikipanda kutoka 1.2 hadi 1.6, kisha 2.0, wakati chujio ni safi, nozeli zinachoka, na utakuwa na muda wa kuzipeleka kwa fundi kabla ya safari inayofuata ya Rusumo.