Ukirekodi klipu ya nyama ya kasa, usianze na "ujinga"

Nasomesha baiolojia Mkoani, Pemba, na klipu yangu ya kwanza ya sayansi niliiharibu mwenyewe. Ilikuwa Machi 2024, siku chache baada ya watoto wanane na mtu mzima mmoja kufariki kisiwani Panza kwa kula kasa. Juu yake nikaandika: "Ujinga unaua." Ikasambaa kuliko zangu zote. Mjomba wangu, mvuvi, akanipigia: "Mwanangu, umewatukana waliozika."

Basi kichwa cha klipu kiandike mwisho. Maneno makali ndiyo yanayosambazwa, na ndiyo yanayowafanya watu wachague upande kabla hawajasikia hoja. Siku hizi naandika: "Kwa nini kasa wa juzi hakukudhuru?" Watazamaji wamepungua, lakini wavuvi husikiliza mpaka mwisho.

Kisha anza na anachokijua mlaji. Mjomba kala kasa tangu utotoni na yuko mzima. Ukimwambia kasa ni sumu, muongo ni wewe. Hakosei, na maabara hawakosei: kasa mmoja ana sumu, mwengine hana, na kwa macho huwezi kuwapambanua. Kupika hakuiondoi. Hapo huinua sufuria letu la nyumbani nikarudia: hata uchemshe mpaka maji yakauke. Halafu nawageukia kinamama: ukila wewe, mtoto anayenyonya anaweza kudhurika kwa maziwa yako.

Maneno yapime kwa masikio ya hapa. Sumu ile hudhaniwa kasa huipata kwenye anavyovila baharini. Mie nikasema "mwani wenye sumu". Jioni ile ile mama mmoja mkulima wa mwani akaniuliza kama autupe aliokwisha kuuanika. Magunia mawili! Sasa nasema "vijimea vidogo vya baharini", na hapo hapo: si huu mwani wenu wa kwenye kamba.

Sheria iwekee klipu yake. Kasa analindwa, ni kweli, ila ukiichanganya na sumu watu watasema umetumwa.

Anayebisha kwenye komenti usimjibu mbele za watu. Mtumie ujumbe wa sauti. Kwa mjomba nilikwenda mwenyewe. Klipu ya pili tuliirekodi pwani, kando ya ngalawa yake, simu kaishika yeye. Alinikatiza mara mbili: "Hebu rudia, hapo sijakufahamu."