Somo: Kumpokea msanidi wa nje katika jumuiya ya programu huria

Jumuiya yetu ya hapa Mbeya ilianza na watu wanne waliokutana Mwanjelwa kila Jumamosi. Programu yetu hutumika katika vyama vya ushirika kupokea mizigo ya viazi na mahindi: mzigo unapimwa, karani anaingiza uzito kwenye simu, na mkulima anapata risiti. Kwa muda mrefu hatukuona haja ya kuandika maelezo, kwa kuwa mwenye swali alimgeukia aliyekaa pembeni yake. Tulipouweka msimbo (maandishi yanayoiunda programu) wazi ili yeyote ausome na kuurekebisha, na watu wa nje wakaanza kuleta michango, yaani marekebisho yao, ndipo tulipogundua kwamba nusu ya programu ilikuwa vichwani mwetu. Hatua zifuatazo nimezipanga kwa utaratibu ambao ningemshauri mwenzangu aufuate, ingawa sisi wenyewe hatukuufuata.

Hatua ya kwanza: andika yale ambayo kwenu hayahitaji kusemwa

Katika faili la mipangilio tulikuwa tumeandika kwa Kiswahili kwamba kituo hufunguliwa saa mbili na kufungwa saa kumi na moja. Msanidi (mtengeneza programu) mmoja wa Ulaya, aliyekuwa akirekebisha sehemu ya ratiba kwa hiari yake, aliyatafsiri maneno hayo kwa mashine, akaweka 02:00 na 11:00. Msimbo wake ulikuwa safi kuliko wetu, majaribio yote ya kuukagua yalifaulu, nasi tukauunganisha na wetu bila kuutazama vizuri. Jumatatu iliyofuata, saa tano na dakika chache asubuhi, karani wa kituo kimoja cha Uporoto alipiga simu kusema kwamba mfumo umegoma kupokea mizigo, na nyuma yake tulisikia wakulima wakiuliza nani atalipia lori linalosubiri.

Kosa lilikuwa letu. Mtu asiyekulia Afrika Mashariki hana namna ya kujua kwamba saa zetu za mchana zinaanza kuhesabiwa kunapopambazuka. Tangu siku hiyo saa zote katika msimbo huandikwa kwa mfumo wa saa 24, na tunalo faili la istilahi linaloeleza kila neno la shambani na sokoni. Humo imeandikwa kwamba debe ni kipimo cha ujazo, yaani lita 20, na kwa hiyo debe la mahindi na debe la viazi havilingani uzito. Imeandikwa pia kwamba rumbesa ni gunia lililojazwa kupita mdomo wake na kushonewa kilemba, jambo linalokatazwa na sheria ya vipimo, na ndiyo sababu programu hukataa gunia linalozidi kilo 100.

Hatua ya pili: leseni na saini

Msimbo usio na leseni, hata kama kila mtu anaweza kuusoma, haumpi mgeni haki ya kuutumia wala kuubadilisha, kwa sababu hakimiliki hubaki kwa mwandishi mpaka aseme vinginevyo. Sisi tulichagua leseni ya GPL toleo la 3, la mwaka 2007, tukitaka kwamba atakayeiboresha programu na kuisambaza aisambaze pamoja na msimbo wake. Anayetaka masharti mepesi atazame leseni za MIT au Apache 2.0. Kuhusu uthibitisho kwamba mchangiaji ana haki ya kuutoa mchango wake, tunafuata utaratibu ambao mradi wa Linux, mfumo endeshi huria, umeutumia tangu 2004: kila badiliko hubeba mstari wenye jina na barua pepe ya mchangiaji, ambao Git (programu inayotunza historia ya msimbo) huuongeza yenyewe mtu akitumia amri ya `git commit -s`. Sioni sababu ya kumtaka mtu anayejitolea atie saini mkataba wa kurasa sita.

Hatua ya tatu: jaribu kwa kompyuta tupu na mtu mgeni

Hatua hii ndiyo iliyotufundisha zaidi. Tulimwomba mwanafunzi mmoja wa chuo, ambaye hakuwahi kuuona msimbo wetu, akae mbele ya kompyuta iliyofutwa kila kitu, aisimike programu, yaani aiweke hadi ifanye kazi, kwa kufuata README (faili la maelezo ya kuanzia) peke yake. Sisi tulikaa nyuma yake, tukiwa tumekubaliana kutofungua kinywa. Alikwama kwenye mstari wa tatu. Maelezo yalimwambia aanzishe hifadhidata, lakini hifadhidata ilihitaji faili la nywila ambalo lilikuwamo katika kompyuta zetu nne tu. Akairudia amri ileile mara tano, akakagua tahajia herufi kwa herufi, kisha akaanza kutuomba radhi. Mwenzetu mmoja alishindwa kuvumilia, akanyoosha mkono kumwonyesha. Tukamrudisha kwenye kiti.

Mgeni aliye mbali akikwama hivyo hujilaumu mwenyewe kwanza, halafu huondoka kimya, na ninyi hamtajua kwamba aliwahi kufika. Zoezi hilo lilituonyesha vilevile kwamba usimikaji ulivuta karibu gigabaiti mbili, kiasi ambacho mtu anayenunua bando la siku hawezi kukimudu. Tuliondoa vitu ambavyo hakuna aliyekumbuka kwa nini viliwekwa.

Hatua ya nne: kazi za kuanzia

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wetu amekuja na jembe lake. Anachohitaji ni kuonyeshwa mpaka wa shamba. Tengeni kazi tano au sita ndogo, kila moja ikitaja faili la kufungua na dalili ya kwamba kazi imekamilika. Wasimamizi wasizifanye wenyewe, hata zikikaa mwezi mzima.

Hatua ya tano: jibu la kwanza

Jibu lifike ndani ya siku mbili, hata likiwa la kusema kwamba umeme umekatika na mchango utasomwa Jumamosi. Mnapoukosoa, tajeni kwanza yale yanayozuia usiunganishwe. Mambo ya nafasi na mabano yaachiwe programu ya kusafisha msimbo. Uamuzi uliofikiwa mezani Mwanjelwa uandikwe kwenye hazina ya msimbo (mahali pa mtandaoni unapohifadhiwa) pamoja na sababu zake, kwa kuwa mgeni akikataliwa kwa neno "tulishakubaliana" atahisi kuna baraza la siri, na hatakuwa amekosea.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Iringa:* Shikamoo mwalimu. Je, msimbo uandikwe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?

Marahaba. Majina ya ndani ya msimbo tunayaandika kwa Kiingereza, isipokuwa maneno kama rumbesa, ambayo yakitafsiriwa hupoteza maana. Maelezo ya usimikaji yapo kwa lugha zote mbili, na anayebadilisha upande mmoja hubadilisha na wa pili siku hiyohiyo.

*Mwanachama wa Njombe:* Baada ya michango mingapi mtu apewe ruhusa ya kuunganisha msimbo mwenyewe?

Idadi peke yake haitoshi. Katika mradi wa xz, programu huria ya kubana mafaili, mtu aliyejiita Jia Tan alichangia vizuri kwa muda mrefu, huku akaunti nyingine zikimshinikiza msimamizi aliyechoka apunguze mzigo, hadi akapewa mamlaka. Mlango wa siri alioupachika, yaani njia ya kuingilia kompyuta za watu, uligunduliwa Machi 2024, baada ya msanidi Andres Freund kushangaa kwa nini kuingia kwenye seva kulichelewa kwa takriban nusu sekunde. Kwetu hakuna anayeunganisha msimbo wake mwenyewe, tukiwamo sisi waanzilishi, na toleo halitoki bila macho ya watu wawili.

*Mwanachama wa Tukuyu:* Tunapata michango ya kubadilisha nukta na mkato tu. Tuifanyeje?

Ifungeni kwa sentensi moja ya heshima. Mwaka 2020 tamasha la Hacktoberfest, la kuhamasisha uchangiaji wa programu huria, lililokuwa likitoa fulana kwa wachangiaji, liliwafurikisha wasimamizi kwa michango ya aina hiyo, mpaka waandaaji wakaamua kwamba mradi usihesabiwe bila kujiandikisha wenyewe. Anayerudi na swali baada ya kufungiwa, msomeni kwa makini.

*Mwanachama wa Makambako:* Yule msanidi wa saa mbili alirudi?

Alirudi. Sehemu ya saa katika faili la istilahi aliiandika yeye, na aliongeza jaribio linaloshindwa kituo chochote kikipangiwa kufunguliwa kabla ya 06:00.