Namna ya Kuwafundisha Wanafunzi Maisha ya Mwenyeheri Anuarite, Sista na Mwalimu

Makatekista na walimu wa dini wengi, wanapowasimulia vijana habari za Mwenyeheri Maria Klementina Anuarite Nengapeta, huanza na usiku aliouawa, kwa kuwa ndio unaojulikana zaidi na ndio unaolinyamazisha darasa mara moja. Ninashauri ufanye kinyume. Anuarite alikuwa sista kwa miaka mitano na zaidi, akafundisha watoto wa shule ya msingi, akapika jikoni na kutunza sakristia, chumba cha kanisani cha vifaa vya Misa. Somo likiyaruka hayo yote, wanafunzi watajua alivyokufa bila kumjua aliyekufa, na kifo chake kitaonekana kuwa ushujaa wa ghafla usiowahusu.

Andaa kwanza ramani ya Kongo na uwaonyeshe kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo mahali patatu: Wamba alikozaliwa tarehe 29 Desemba 1939, Bafwabaka alikoishi utawa, na Isiro alikouawa tarehe 1 Desemba 1964. Waeleze mapema kwamba jina lake wataliona limeandikwa Anuarite au Anwarite, wasije wakadhani ni watu wawili. Shirika lake ni la Masista wa Jamaa Takatifu, na wasikilizaji wetu watafurahi kusikia kwamba linajulikana kwa jina hilo hilo la Kiswahili huko huko Kongo.

Utoto wake usiupambe. Alibatizwa mwaka 1943 pamoja na mama yake, na alikulia katika familia iliyopata mabinti tu, jambo lililomfanya baba amwache mama yao. Darasani mwako hakosi mtoto anayeishi na mzazi mmoja, naye anahitaji kusikia kwamba wito haungoji nyumba isiyo na majeraha. Simulia pia jinsi alivyopanda kwa siri lori lililokuwa likiwapeleka wasichana Bafwabaka kuanza malezi ya utawa, mama yake akaja kujua baadaye. Wanafunzi watacheka, na uwaache wacheke, lakini uongeze kwamba siku ya nadhiri zake, tarehe 5 Agosti 1959, wazazi wake walikuwepo na wakatoa mbuzi wawili kuonyesha kwamba wameridhia. Sadaka hiyo haikuwa nyepesi, kwani baadaye umaskini ulipombana, mama alitamani bintiye arudi nyumbani kumsaidia. Hapo simama kidogo, uwaulize wanafunzi familia inampa Mungu nini inapomwachia binti yake awe sista. Swali hilo huleta majibu mazito kuliko mhadhara wowote, hasa kwa mabinti wanaotegemewa nyumbani.

Sehemu ya utawa na ualimu ndiyo inayostahili muda mrefu zaidi. Kama parokiani kwenu yupo sista anayefundisha, mwalike, kisha umwombe asitoe hotuba bali aeleze siku yake moja tangu kuamka hadi kulala. Wanafunzi wanaomwona sista ubaoni saa mbili asubuhi mara nyingi hawajui kwamba amekwisha kusali masifu ya asubuhi, kutafakari na kushiriki Misa, wala hawajui kwamba mshahara anaolipwa si wake bali ni wa jumuiya. Kutokana na maelezo hayo utaweza kufafanua nadhiri tatu kwa mambo yanayoonekana: ufukara ni mshahara huo, utii ni kukubali kuhamishiwa shule nyingine hata pale ulipokwisha kuwazoea watoto, na usafi wa moyo ni kumpenda Kristo kwa moyo usiogawanyika ili mtoto yeyote anayekuja mbele yako apate nafasi. Waeleze vilevile kwamba hakuna anayeingia kwa papara. Kwa sheria ya sasa ya Kanisa, unovisi, yaani kipindi cha malezi kabla ya nadhiri, hudumu angalau miezi 12, mnovisi yuko huru kuondoka wakati wowote, nadhiri za kwanza haziwekwi kabla ya kutimiza miaka 18, na zile za daima hazitangulii miaka 21. Anuarite aliweka nadhiri zake akiwa na miaka 19, umri ambao wanafunzi wako wa sekondari wanauona uko karibu kabisa. Alijiwekea nia ya kutumikia na kuwafurahisha wengine. Mwambie kila mwanafunzi achague kazi moja isiyopendwa na watu nyumbani au bwenini, aifanye kwa wiki nzima bila kutangaza.

Baada ya hayo ndipo uufikie mwaka 1964. Eleza kwa ufupi kwamba waasi walioitwa Simba waliuteka mji wa Kisangani, wakati huo ukiitwa Stanleyville, mwezi Agosti, na kwamba askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka huko tarehe 24 Novemba, kisha Isiro tarehe 26, lakini wakaondoka haraka. Tarehe 29 waasi waliwachukua masista wa Bafwabaka kwa lori, na kesho yake wakafikishwa Isiro. Usiku huo afisa mmoja alimtaka Anuarite awe mke wake. Mama Mkuu, Leontina Kasima, alikataa, na Anuarite mwenyewe alikataa. Afisa mwingine, Kanali Olombe, alijaribu kumwingiza kwa nguvu ndani ya gari pamoja na Sista Yohana-Mbatizaji Bokuma, akawapiga hadi Bokuma akazirai. Anuarite alimwambia kanali huyo kwamba anamsamehe kwa kuwa hajui alitendalo. Akachomwa visu vya bunduki, akapigwa risasi. Kwa watoto wadogo wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto Wakatoliki, inatosha kusema kwamba aliuawa kwa sababu alikataa kuvunja ahadi yake kwa Yesu. Vidonda usivihesabu mbele yao.

Kwa vijana na akina mama kuna jambo ambalo ninakusihi usilipite. Usiseme kamwe, wala usiache ieleweke, kwamba Anuarite ni msafi kwa kuwa hakubakwa. Huenda mbele yako ameketi aliyetendewa unyama huo, na sentensi moja ya kizembe itamfanya aamini kwamba Kanisa linamhesabu kuwa mchafu. Mtakatifu Agostino alifundisha waziwazi, akiwatetea wanawake waliobakwa Roma ilipotekwa mwaka 410, kwamba usafi wa mtu hauondolewi na nguvu za mwingine. Kanisa linamheshimu Anuarite kwa upendo na uaminifu aliouchagua kwa hiari, na Sista Bokuma, aliyepona, alikuwa mwaminifu vilevile. Ukimaliza kipindi, baki darasani kidogo, kwani anayetaka kuzungumza atakufuata wengine wakishatoka.

Msamaha nao uueleze kwa uangalifu. Papa Yohane Paulo II alipomtangaza Anuarite kuwa mwenyeheri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, naye alitamka kumsamehe muuaji. Tukio hilo halikufuta uovu uliotendeka, na kijana anayeonewa asiambiwe kwamba kumsamehe mtesi wake ni kunyamaza. Mwambie anaweza kusamehe na bado akatoa taarifa kwa mwalimu, mzazi au polisi.

Katika sala, mwite Mwenyeheri, si Mtakatifu, kwa kuwa bado hajatangazwa mtakatifu. Kwa mfiadini muujiza hauhitajiki ili atangazwe mwenyeheri, lakini kwa kawaida muujiza mmoja huhitajika ili atangazwe mtakatifu, kwa hiyo wahimize wanafunzi wamwombe awaombee wagonjwa wanaowafahamu. Ukipata sanamu ndogo ya Bikira Maria, iweke mezani wakati wa sala, kwa maana Anuarite mwenyewe alikuwa na ya namna hiyo mfukoni, na ndiyo iliyosaidia kuutambua mwili wake ulipotolewa katika kaburi la pamoja mwaka 1965.

Kumbukumbu yake ni tarehe 1 Desemba. Ikiangukia Jumapili, Dominika ya kwanza ya Majilio huchukua nafasi yake, na kwa kuwa shule nyingi za Tanzania wakati huo zimefungwa au ziko katika pilika za kufunga, panga mafundisho haya katikati ya Novemba, vipindi viwili angalau, kile cha kwanza chote kikiwa cha Wamba na Bafwabaka.