SOMO: Fildi ya kwanza kwenye makazi ya kale, jifunze kuutazama udongo

Wakuu, wengi mkipangiwa fildi ya akiolojia swali la kwanza ni tutakuta dhahabu? Unaweza kumaliza wiki nzima na ndoo za udongo na vigae viwili vya vyungu na kazi ikawa nzuri tu. Ukishachimba sehemu ndo basi, hairudi ilivyokuwa, inabaki karatasi yako uliyoandika na kuchora. Mimi hili lilinichukua muda kulielewa.

Beba mwiko mdogo wa fundi ujenzi wenye ncha, kofia, kitu cha kupigia magoti, daftari na penseli. Penseli jamani, wino ukilowa tu kazi ya siku nzima inakuwa madoa.

HATUA YA 1: Kupima. Eneo linagawanywa miraba kwa vigingi na kamba, halafu kuna nukta moja isiyohama ambayo vina vyote vinapimwa kutokea hapo. Mara nyingi utakuta supavaiza kashapanga, wewe usijikwae kwenye kigingi tu, maana ukikisogeza umewaharibia wote.

HATUA YA 2: Kukwangua. Hapa ndo penyewe. Usichome mwiko chini kama unapalilia, ulaze, vuta kuja kwako, na urudi kinyumenyume ili usikanyage ulipokwisha kusafisha. Unatoa kidogo kidogo macho yako yakiwa kwenye rangi, na udongo ukigeuka rangi au ukawa laini ghafla au mwiko ukatoa mlio mwingine, SIMAMA, mwite supavaiza. Duara jeusi la upana wa kiganja laweza kuwa tundu la nguzo ya nyumba, nguzo ilioza zamani, udongo mwingine ukajaa pale. Yakijipanga kadhaa kwenye mstari huenda ushapata ukuta wa nyumba na hujaona hata jiwe moja! Jua likikausha udongo rangi zinafifia, nyunyizia maji membamba kama ukungu uone zinavyorudi.

HATUA YA 3: Kilichoingia mwisho kinatoka kwanza. Watu wa baadaye wakichimba shimo la taka likatoboa sakafu ya wazee waliotangulia, unatoa kwanza lile shimo, na vitu vyake vinaingia mifuko yake peke yake. Fildi yangu ya kwanza sikuona tundu la panya, nikashuka nalo hivyo hivyo, nikaja kuibua kipande cha nailoni katikati ya vigae vya kale. Mfuko mzima ukakosa maana na wenzangu wakanicheka mpaka jioni.

HATUA YA 4: Kabla hujashuka tabaka lingine piga picha yenye skeli (kijiti cha vipimo) na mshale wa kaskazini, chora, pima kina, jaza fomu ukiwa hapo hapo shimoni, sio usiku kwa kukumbuka. Udongo uliotoka unachekechwa, na kila mfuko una lebo mbili, ya ndani na ya nje.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, umri wa vitu mnaujuaje?
Jibu: Kwanza mpangilio wa matabaka. Edward Harris mwaka 1973 alibuni mchoro wa visanduku unaoonyesha lipi lilitangulia lipi, utachora sana huo. Pia kuna kaboni 14, kipimo cha umri cha maabara, ilianza na Willard Libby miaka ya 1940 mwishoni, inapima vilivyowahi kuwa hai kama mkaa na mifupa, kurudi nyuma hadi miaka 50,000 hivi. Kigae chenyewe hakipimiki hivyo kirahisi, unapima mkaa uliolala nacho. Huo mkaa usiushike kwa mkono, tumia ncha ya mwiko, funga kwenye foili.

Swali: Nikiona kitu kinang'aa nikivute?
Jibu: Wewee! Kiache kilivyo, sogeza udongo kuzunguka mpaka kionekane chote, kipimwe na kupigwa picha kikiwa palepale. Ukikivuta kinaweza kukatika, na hakuna tena atakayejua kilikuwa juu ya sakafu au ndani ya shimo.

Swali: Naogopa mifupa ya binadamu.
Jibu: Kawaida dada yangu. Ukihisi ni yenyewe weka mwiko chini, funika, ita msimamizi, kuna taratibu za kisheria na heshima ya marehemu. Mwanafunzi haendelei peke yake pale.

Swali: Mgongo je?
Jibu: Utauma. Siku ya tatu ndo mbaya, badilishaneni na wa kwenye chekeche.