Jumatatu iachie vihekalu
Ukizunguka vijiji vya pwani ya Japani, kama Ine kule mkoa wa Kyoto, Jumatatu tembelea vihekalu vya Shinto, dini ya jadi ya Japani, makumbusho yasubiri. Makumbusho mengi hufungwa siku hiyo, lakini kihekalu kidogo kwa kawaida hakina mlinzi wala tiketi: unainama, unatia sarafu, unaendelea. (Tia ya yeni 5; "go-en", yaani yeni tano, hutamkwa sawa na neno lao la uhusiano mwema.) Mbinu hii hukwama Jumatatu ikiwa sikukuu: mara nyingi hapo makumbusho hufunguliwa, yakafungwa Jumanne. Mwisho wa Desemba hadi Januari 3 usijisumbue na makumbusho. Makumbusho madogo mengine yana siku zake za kufungwa, kwa hiyo muulize mwenye nyumba ya wageni usiku wa kuamkia safari. Maana mabasi ya huko ni ya kuhesabu.