Mwenye msimamo au anayeuzika kwa wapiga kura? Jinsi ya kumpata mgombea bila kugawana mbao

Kila uchaguzi ukikaribia huku kwetu Mtwara wajumbe wa chama tunaochagua mgombea tunagawanyika, wengine wanasema bora tushindwe tukiwa na mtu wetu halisi, wengine wanasema tushinde hata kwa kumsimamisha jini, alafu kikao kinaisha saa nane usiku watu hawasalimiani. Mi nimekua mjumbe miaka kadhaa, chama sikitaji maana haya yapo kwenye vyama vyote, na naandika njia ambayo nikiangalia nyuma naona ingetuokoa.

Kabla jina la mtu yeyote halijatajwa, kaeni muandike mambo mawili matatu ambayo hamyauzi. Sio kumi. Na msiandike "haki na maendeleo" hayo hata mwizi anasaini. Andikeni ya hapa hapa: mkulima wa korosho alipwe ndani ya siku ngapi baada ya mnada, makato ya stakabadhi ghalani (ule mfumo wa kuuza korosho kupitia ghala na mnada) yasomwe wazi kwenye mkutano wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ushuru wa gesi ya Mnazi Bay unaoingia halmashauri ujulikane umefanya nini. Mengine yote vumilianeni. Mkisubiri watia nia wajitokeze ndo muandike vigezo, kila mtu ataandika vinavyomfaa shemeji yake.

Alafu mchujeni kila mmoja kwa hayo, na hapa ndo tunapoharibu, tunadhani msimamo ni namba ya kadi. Kadi ya zamani inaonesha mtu alijiunga zamani, basi. Na anayepiga kelele kwenye kikao hajathibitisha kitu maana kikaoni wote tunamshangilia. Uliza msimamo wake ulimgharimu lini. Mwaka 2013 wakati wa mgogoro wa bomba la gesi kwenda Dar alisema nini hadharani, au alikaa kimya mpaka moto ulipopoa ndo akaanza kusimulia? Msimu wa 2018 wakulima waligomea bei ya korosho mpaka serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, yeye alikua anawatetea wakulima au alikua mitaani anakusanya kangomba, yaani korosho inayonunuliwa kienyeji kwa bei ya kutupa, kwa watu wenye njaa? Maana huyo wa kangomba ndo mara nyingi ana hela ya kofia na kanga, na wajumbe (mnajua wenyewe, wajumbe sio watu wazuri) tunamuita "anayekubalika".

Kukubalika nako sio msafara wa bodaboda, wale wamewekewa mafuta. Nendeni Feri kwa wauza samaki, nendeni kijiwe cha kahawa, na asiende mgombea mwenyewe wala mtu aliyevaa sare. Msiulize "mtampigia nani?" watawajibu mnachotaka kusikia. Ulizeni "fulani akisimama, utakua na shida gani nae?" Hapo utasikia ya deni la msibani, ya shamba la mikorosho la yatima, mambo ambayo kikaoni hayasemwi kwa kuoneana haya.

Hesabu pia mziangalie. Kwetu hakuna duru ya pili, kwenye kura 100 mwenye 40 anawapiga wawili wenye 35 na 25. Na mgombea binafsi hakuna, kwahiyo mliyemkata akiwa na watu anachukua fomu kwenye chama kingine, kura zenu zinagawanyika, mpinzani anapita katikati.

Sasa kuamua. Wengi wanajumlisha maksi, msimamo 5 kukubalika 8, matokeo yake hela inafidia kila kitu. Yale mambo mawili matatu yawe mlango, asiyepita arudi nyumbani hata kama mji mzima unamjua, waliopita ndo mchague anayeuzika zaidi kati yao hata kama hajui kuimba nyimbo za chama. Kama jimbo lenyewe hata malaika hashindi, wekeni kijana safi mumjenge.

Najua mtaniletea mfano wa 2015. CHADEMA walishamtaja Lowassa, waziri mkuu wa zamani kutoka CCM, kwenye orodha ya mafisadi 2007, alafu 2015 wakampokea awe mgombea wao wa urais, kura za urais zikapanda kutoka kama asilimia 27 za 2010 hadi karibu 40, na huku kusini CUF waliokua nao UKAWA, ule umoja wa vyama vya upinzani, wakachukua Mtwara Mjini. Ni kweli. Lakini Dk Slaa, katibu mkuu wa CHADEMA, na Profesa Lipumba, mwenyekiti wa CUF, waliachia nafasi zao, na 2019 Lowassa mwenyewe akarudi CCM. Liwale nako, mkoa wa Lindi, aliyeshinda ubunge kwa CUF 2015 alihamia CCM 2018, marudio yakafanyika akashinda tena yeye. Pale watu walimpenda mtu, chama kikabaki na bendera, na huo kwangu ndo ubaya wa kumchagua mtu kwa mvuto peke yake.

Mkishapata jina, aliyeshindwa afuatwe usiku ule ule nyumbani kwake. Waende wazee wawili anaowaheshimu, na mmoja awe aliyempigia kura yeye. Asiambiwe "avunje makundi", aulizwe anataka kusimamia nini kwenye kampeni na apewe kweli. Sisi mwaka mmoja tulisema tutaenda kesho baada ya swala ya adhuhuri, tumefika tukakuta viatu vya wageni mlangoni na fomu ya chama kingine ishajazwa.